Bado Mbio Moja

Punda wangu jike alinishindia mbio za Maulidi miaka mitatu mfululizo, na kila mwaka mfugaji mmoja mzee wa Jilore alikuja kuniomba nimuuzie, akamzalishe. Nami kila mwaka nilimjibu, "Bado mbio moja, mzee wangu."

"Muuze watu wangali wakimshangilia," mke wangu aliniambia. Nilimjibu kwamba mambo ya punda hayajui.

Mwaka wa nne punda wangu alishika mkia. Hata punda wa muuza mkaa, aliyesimama katikati ya njia kula ganda la embe, alimpita. Nilimtukana punda wangu mbele ya watu waliotoka kumswalia Mtume. Yule mzee akaja pale pale, akampapasa tumbo taratibu.

"Mchukue," nilimwambia. "Huyu amekwisha."

"Haya," akajibu, akaondoka naye mbio kuliko alivyokimbia punda.

Miezi minne baadaye habari zikaja kutoka Jilore: amezaa. Mimba ya punda ni mwaka mzima, hivyo hata mimi niliweza kupiga hesabu. Tumbo nililiona, lakini nilidhani ni pumba nilizomzidishia. Na baba mtu ni dume langu la mkokoteni wa maji, nililomfunga nalo banda moja kwa kuwa nililiona zee na vivu.

Jioni hiyo mke wangu alilipelekea dume maji kwanza, ndipo akaniletea mimi chai.