Mkono Kwenye Sinia

Kwetu Ijara mtoto anafundishwa mapema: mkiwa kwenye sinia moja, macho yako yabaki upande wako. Kumwangalia mwenzako mkono ni kama kumwambia anakula sana, na mama yangu angenizaba kofi mbele ya wageni kwa kosa hilo. Kwa hiyo nilifika bweni la wasichana Garissa nikiwa nimeiva kwa adabu. Sisi wa kona ya dirishani tulikula pamoja na kupiga domo pamoja, na hakuna aliyemwangalia mwenziwe mkono. Ndivyo mmoja wetu alivyoanza kufa njaa katikati yetu, sote tukisema bismillahi.

Alikuwa jirani yangu wa dawati, mtoto wa Hulugho, msichana wa kwanza wa ukoo wao kufika kidato cha nne. Kila Jumapili matroni alitupa simu tuongee na nyumbani. Abti wake, yaani mjomba, alikuwa anaweka sauti kubwa boma zima lisikie, nami nikiwa kwenye foleni nyuma yake nasikia mbuzi, watoto na bibi vizee wakipiga kelele: "Daktari wetu! Daktari wetu yuko wapi?" Mwenzangu alicheka akajibu, "Nipo." Alipokuwa akinipa simu mkono wake ulikuwa baridi, na Garissa, wallahi, hakuna mtu anayepata baridi.

Ramadhani ikaja, na mitihani ya majaribio ikawa inanusa mlangoni. Mwezi huo kutokula hakumshangazi mtu. Idi ikapita, yeye bado amefunga. "Nalipa siku zangu," alisema. Sasa hapo nani atauliza? Kila msichana ana siku zake za kulipa, na kumuuliza mwenzako amebakisha ngapi ni kukosa haya kabisa. Tulilipa zetu tukamaliza. Yeye aliendelea. Akiinua mkono kujibu swali, saa yake iliteleza mpaka karibu na kiwiko. Na majibu yalikuwa sahihi! Hilo ndilo lililonichemsha. Mtu anaisha mbele ya ubao, na darasa linampigia makofi.

Nilianza kuogopa kukaa naye. Alisoma huku midomo ikitikisika bila sauti, na ukimgusa bega alishtuka kama umemwamsha. Michezo aliacha. Kulala sijui alilala lini. Wengine walinong'ona kwamba ana jini. Mimi nikamkumbuka mama yangu. Jioni mbuzi wakirudi haangalii miguu wala manyoya, anaangalia taya. Mbuzi ambaye hacheui, huyo usiku huo hafungiwi na wenzake, anaangaliwa peke yake.

Basi magharibi moja alipokuja kufuturu nasi, nikaitupa adabu yangu nikamwangalia. Mkono wake ulishuka kwenye wali, ukafinyanga tonge zuri, ukapanda mpaka kidevuni, kisha ukaingia chini ya mtandio. Tonge halikurudi kwenye sinia wala halikufika mdomoni. Likashuka lingine, likapotea vilevile. Na taya kavu.

Nikamshika kifundo cha mkono. Vidole vyangu vilizunguka vikapitana. Nikamwita dada kwa lugha yetu.

"Abaayo, meza nione."

"Umerukwa na akili?" mmoja akanifokea. "Unamhesabia mtu chakula?"

"Ndiyo, namhesabia. Meza."

Alitia tonge mdomoni akatafuna, akatafuna, macho yakijaa machozi. Kisha akalitema kiganjani. "Koo limekataa," akasema, kwa sauti ndogo mno. "Nikifungua kitabu nawaona wa boma wote wamesimama. Nikifumba macho wako. Nikifeli nitarudi Hulugho kwa uso gani?" Mtandio wake ulipofunguka, wali ukamwagika mapajani.

Nilikimbia kwa matroni, mama wa Bute mwenye sauti ya kuita ngamia. Wasichana walikuwa wameshaomba shehe aitwe. "Shehe atasoma," akasema, "na zahanati ataenda, na uji atakunywa. Jini gani anakataa uji?" Kisha akampigia abti mwenyewe, akamwambia azime hiyo sauti kubwa, na neno daktari mtoto asilisikie tena mpaka shule ifungwe. Abti alikasirika. Matroni akakasirika zaidi.

Muuguzi wa zahanati alimwanzishia vijiko vichache kwa wakati, akamkataza kufunga, akasema alale na atembee, na awe na mtu wa kumwambia mambo. Mtu huyo nikawa mimi, ingawa siku za mwanzo alinichukia waziwazi. Kila baada ya alasiri nilisimama mbele ya kitanda chake nikasema, "Vaa viatu." Tukazunguka ua wa shule bila kitabu. Kwanza alinyamaza. Baadaye akanitukana, nikafurahi. Baadaye akalia, kisha akaanza kusema, na siku moja, tukiwa karibu na tangi la maji, akaniuliza jikoni wamepika nini. Nilienda nyuma ya tangi nikalia mimi.

Sasa tuko chuoni, hapahapa Garissa mjini, tumepanga chumba kimoja. Yeye anasomea ualimu. Daktari wao hakupatikana, na Hulugho iko palepale. Mimi niko mwaka wa mwisho. Ripoti yangu ya utafiti imerudishwa tena, na kule Ijara wameshaanza kuniita afisa. Mama akipiga simu nasikia watu nyuma yake. Huwa naiangalia simu ikilia mpaka inyamaze.

Juzi jioni mwenzangu alipika wali na nyama ya mbuzi, tukakaa kwenye sinia. Niliongea sana, nikamteta msimamizi wangu, nikacheka mwenyewe. Halafu nikagundua kwamba naongea peke yangu. Nikainua macho. Alikuwa ananiangalia mkono.

"Abaayo, meza nione."

"Wacha zako. Nimekula chuoni."

"Nimesema meza."

Nikatia tonge mdomoni. Nikatafuna. Nikatafuna tena, naye hakuyaondoa macho kwenye taya zangu. Halikushuka.

Akanawa mkono, akaenda mlangoni, akarudi na ndara zangu akaziweka mbele yangu.

"Vaa viatu," akasema.