Kivumbasi Juu ya Mlango

Juzi mjukuu wangu kaniletea kopo kutoka duka moja la hapa Musoma mjini. Kopo zuri, lina picha ya jani na mwanamke aliyefumba macho. Akanisomea maandishi yake: linaondoa msongo wa mawazo, linatuliza moyo, linaleta usingizi, na ni la asili kabisa. Nikalifungua nikanusa. Nikacheka mpaka kikohozi kikanishika. "Bibi, unacheka nini?" Nikamwambia harufu hii ndiyo iliyonikalisha benchi la nyuma kanisani miezi mitatu. Akadhani namtania.

Simtanii mtu. Leo naisema yote, na wa kununa anune.

Tulikuwa tunakaa Mukendo, vyumba viwili vya kupanga, mimi, mume wangu na watoto wanne. Mume wangu alikuwaga fundi wa mashine kwenye kiwanda cha nguo. Miaka ile ya shida, sabuni kwa foleni na sukari kwa kibali, yeye alikuwa mtu wa kutegemewa. Mashine ikikosa spea, anachonga kipande cha chuma mwenyewe mpaka inakubali. Halafu ikaja ruksa ya kila mtu kuingiza bidhaa. Maduka yakajaa, mitumba ikamwagwa chini sokoni kama mahindi ya kuanika, sasa nani tena anunue kitenge chetu? Mashine zikazimwa moja moja. Siku moja akarudi nyumbani mchana, ameshika bonge la uzi mwekundu, uzi wa mabaki, akaliweka mezani. "Ndiyo hivyo, mama watoto," akasema. Akaenda kulala, na usingizi haukuja.

Haukuja wiki, haukuja mwezi, ukaingia mwezi wa pili. Asubuhi namkuta amekaa kitandani vilevile nilivyomwacha, macho mekundu, vidole vinachezacheza kama vinakaza nati. Mwili ukaisha. Watoto wakicheka kidogo tu anawafokea, yeye ambaye walikuwa wanampanda mgongoni. Siku moja, tunamenya mihogo, akaniambia bila kuinua macho, "Siku hizi nikifika ziwani naona kama yale maji yananiita." Jamani. Kisu kilinidondoka. Tangu hapo akitoka tu mlangoni akielekea upande wa ziwa, na mimi nina safari ya huko huko. Nilikuwa sitaki ziwa linichukulie mume.

Hospitali tulienda, msije mkasema sikwenda. Daktari kijana akampima, akasema ugonjwa wake ni mawazo, apunguze mawazo. Apunguze! Kwani mawazo ni chumvi? Lakini alitupa vidonge, na nasema kweli, siku zile chache mume wangu alilala. Vilipoisha tukarudi, dirisha la dawa wakatuambia havipo, tujaribu mwezi ujao.

Ndipo mama yake akaja kwa basi kutoka Bunda, kwao ndani huko kwenye mashamba ya pamba. Mama mkwe wangu hakubatizwa na hakuwa na mpango huo. Alimtazama mwanaye, hakuuliza swali hata moja. Asubuhi yake akatoka kwa miguu mpaka mashamba ya Bweri, akarudi na mzigo wa kivumbasi. Kivumbasi nani asiyekijua? Ndicho hicho chenye harufu kali, tunachofukuzia mbu na kujifukizia mafua.

"Kwetu," akaniambia, "mwanaume ng'ombe zake zikichukuliwa, au pamba ikiharibika shambani, tulikuwaga tunampa hiki. Usikianike juani, mwanangu. Kitundike kivulini, panapopita upepo. Asubuhi chukua kiganja kimoja, mwagia maji ya moto, funika. Anywe amekaa hapo kizingitini. Na asiitikie salamu ya mtu mpaka kikombe kiishe."

"Kwa nini asiitikie, mama?"

"Mwenye mawazo ukimuuliza habari za leo umemfungulia. Ataanza kukusimulia kiwanda. Mwache anywe kwanza."

Siri yenyewe ndiyo hiyo, hakuna mzimu wala kuku mweusi. Na majani yakipungua alimtuma mwanaye akayachume mwenyewe, kwenda Bweri na kurudi, jua kichwani.

Mimi nikayafunga yale majani mafungu mafungu, nikayatundika juu ya mlango wa mbele, maana nyumba ile upepo ulikuwa na njia hiyo moja tu. Kamba sikuwa nayo. Nikachukua ule uzi mwekundu wa kiwandani. Hapo ndipo nilipojiponza, maana huku kwetu mtoto wa chekechea anajua kwamba majani yaliyofungwa uzi mwekundu juu ya mlango ni zindiko, kazi ya mganga. Na mimi ni binti wa wavuvi waliobatizwa, nimekulia kwaya. Nilijua. Ila siku ile akili yangu ilikuwa kwa mtu mmoja tu.

Wiki haikuisha, kina mama wa kanisa wakaja kutuombea. Mume wangu yuko kizingitini na kikombe chake.

"Bwana asifiwe, baba!"

Kimya.

"Bwana asifiwe!"

Kimya. Anameza, anapuliza, anameza. Wakainua macho, wakayaona mafungu. Na mama mkwe, bila kujua anaongeza kuni kwenye moto, akapiga kelele kutoka ndani, "Mwacheni kwanza amalize!" Loo! Hawakukanyaga ndani. Nilitoka mbio na maji mikononi, nikawakuta wameshafika barabarani, wanatembea kama watu wanaofukuzwa na nyuki.

Siku ya pili yake mzee wa kanisa akaja, mume wangu yuko Bweri kuchuma majani. Nikampa kiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mama, tumesikitika sana. Ushushe hivyo vitu, uvilete kanisani vichomwe, utubu mbele ya watu, mambo yaishe."

"Nitubu nini, mzee?"

"Uganga."

"Hicho ni kivumbasi. Hata kwako kipo, nyuma ya choo."

"Cha kwangu hakina uzi mwekundu."

Hapo alinipata, sikatai. Nikapanda kwenye stuli palepale, nikaukata uzi mbele ya macho yake, nikafungia majani kwa kipande cha kanga yangu. Nikashuka nikamuuliza, "Sasa?"

Akatikisa kichwa. "Mtu kusalimiwa kwa jina la Bwana asiitikie, hayo ni masharti ya nani? Majani yachomwe. Na huyo mama arudi kwao."

Hasira ikanipanda. Uzi niliukata kwa sababu uzi ulikuwa kosa langu. Lakini wiki ile vidole vya mume wangu vilikuwa vimeanza kutulia. Usingizi bado, ila alikuwa amemtengenezea jirani cherehani, na habari ya maji kumwita hakuirudia. Nichome hicho? Nimfukuze mzazi aliyekuja kumpigania mwanaye?

"Mzee wangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wewe umewahi kumnyatia mtu wako kila akienda ziwani?"

Akatazama chini. Alikuwa mtu mwema, yule. "Utaratibu ni utaratibu, mama," akasema.

"Basi utaratibu ufuatwe. Kivumbasi sichomi."

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Kanisani kwetu wanawake wanakaa kushoto na wanaume kulia. Hata maharusi wakishafungishwa ndoa, Jumapili inayofuata kila mtu upande wake. Aliyetengwa anakaa benchi la mwisho kabisa karibu na mlango, peke yake, hashiriki Meza ya Bwana wala hapewi mkono, mpaka atubu. Watu wengi hawamalizi Jumapili mbili. Wanatubu, au wanaona haya wanabaki nyumbani.

Walidhani nitabaki nyumbani. Thubutu! Kila Jumapili nilivaa kitenge changu kizuri kuliko vyote, kilichofumwa kwenye mashine aliyoitengeneza mume wangu, nikaweka tawi la kivumbasi ndani ya Biblia, nikaenda kukaa benchi langu. Kwaya ikianza na mimi naimba sauti yangu ya pili kule nyuma, kwa nguvu, mpaka mwalimu wa kwaya anageuka. Sikuwa namkomoa Mungu. Mungu ndiye aliyekiotesha.

Uchungu niliusikia, nisiwadanganye. Wanawake niliozaa nao wodi moja walinipita wanaangalia viatu vyao. Nilikuwa nalia njiani, nikifika kona ya nyumbani najifuta, kwa sababu mume wangu sikumwambia. Mtu hana usingizi, nimwongezee na benchi? Yeye tangu kiwanda kimwache alikuwa hajakanyaga kanisani, aibu. Mama mkwe naye akaondoka pamba ilipoanza kuchumwa. Aliondoka kwa hiari yake, si kwa amri ya mtu.

Mkiniuliza kama ni jani lililofanya kazi, au ni ule ukimya wa asubuhi, au miguu ya kwenda Bweri, au kujua tu kwamba kuna mtu anakuchemshia maji, nitawajibu sijui. Hao wanaouza makopo ndio wanaojua. Mimi nilichemsha, yeye akanywa, siku zikaenda.

Mwezi wa tatu, Jumapili moja tumesimama tunaimba, mlango wa nyuma ukafunguliwa. Mume wangu. Amenyoa ndevu, amevaa shati lake la harusi linalompwaya. Akaniona nimesimama pale peke yangu. Akatazama benchi, akatazama nafasi zilizo wazi mbele yangu, akarudi kunitazama. Alizaliwa kwa asiyebatizwa lakini utaratibu wetu aliujua vizuri.

Mhudumu akamshika kiwiko taratibu, akamwelekeza kulia, kwa wanaume. Mume wangu akautoa mkono wake. Akavuka njia ya katikati, akaja upande wa wanawake, akakaa kwenye benchi la waliotengwa, bega lake kwenye bega langu. Kanisa zima likageuka. Wimbo ukabaki na watu watatu.

"Unafanya nini huku?" nikamnong'oneza.

"Nimekaa."

Mahubiri yakaanza, na mchungaji wetu hakuwaga mtu wa kukatisha. Yalipofika kama katikati, nikasikia uzito. Kichwa cha mume wangu kimeniangukia begani. Vidole vyake vimelala juu ya Biblia yangu, havichezi. Halafu akaanza kukoroma. Jamani, ule haukuwa mkoromo wa mtu anayesinzia. Alikuwa anakoroma kama mashine iliyopata spea yake.

Mhudumu akaja mbio, akainama. "Mama, mwamshe, anasumbua."

"Mguse uone," nikamwambia, na sikunong'ona.

Mchungaji akanyamaza. Mume wangu akaendelea. Mchungaji akafungua ukurasa mwingine, akaongeza sauti, akahubiri mpaka akamaliza. Wimbo wa mwisho wote wakasimama, mimi sikusimama. Wakatoka wakipita mbele yetu, mmoja mmoja, wanatembea kwa ncha za vidole. Bega langu lilikuwa limekufa ganzi, shingo inauma, na machozi yananitiririka sina mkono wa kuyafutia.

Mzee wa kanisa akafunga madirisha moja baada ya jingine, akaja akasimama mlangoni na kufuli mkononi.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "tunafunga."

"Fungeni," nikamjibu. "Akiamka tutabisha hodi."