Nyayo Zilizokosea Mlango

Kanaklata Dhar alikuwa na miaka sabini na mmoja, magoti mawili yaliyogoma, na jirani mmoja wa kumpandisha mori. Jirani huyo aliitwa Malobika Nandi. Wote wawili walikaa ghorofa ya juu ya nyumba moja kuukuu kule Shrirampur, nyuma ya stesheni, na veranda moja ndefu baina yao: mlango wa Kanaklata mwisho wa kushoto, wa Malobika mwisho wa kulia, ngazi zikitokea katikati.

Kwa miaka thelathini na minane, kila ilipofika sikukuu ya Lakshmi, Kanaklata ndiye aliyechuchumaa na bakuli la mchele uliosagwa kwa maji, akachora kwa ncha ya kidole nyayo nyeupe juu ya sakafu nyekundu ya saruji, kutoka ngazini hadi mlangoni kwake, na kutoka ngazini hadi mlangoni kwa Malobika. Lakshmi ndiye mungu wa kike aletaye heri ya nyumba, naye huingia kwa miguu. Asipoonyeshwa njia hupita zake. Nyayo za Kanaklata zilikuwa ndogo, zenye kisigino cha mviringo na vidole vitano vya ukubwa wa punje za mpunga, na watu walipanda ngazi kuja kuzitazama tu. Marehemu mumewe, Nibaran, mtu wa reli asiyejua kuchora hata mstari, ndiye aliyemshikia bakuli, na kila mwaka alisema maneno yale yale: "Taratibu, usije ukamchorea vidole sita."

Mwaka huu daktari alimkataza kuchuchumaa. Hilo angelivumilia. Lisilovumilika ni kwamba Malobika alirudi kutoka sokoni na pakiti mbili za nyayo za plastiki, za kubandika, zenye kumetameta pembeni, akamtia moja mkononi kwa upole wa kuudhi.

"Dada Kanak, pumzika sasa. Umechora vya kutosha. Hizi unabandua karatasi, unabandika, basi, kazi imekwisha."

"Za plastiki?"

"Zinaoshwa, dada."

"Yaani Lakshmi aje kwangu na kandambili?"

Malobika akacheka, na kicheko kile ndicho kilichoharibu kila kitu. Kanaklata aliingia ndani akabamiza mlango, na tangu hapo hawakusemezana. Aliapa mbele ya picha ya Nibaran: ama nyayo za mkono wake mwenyewe ziwepo verandani siku hiyo kabla mwezi haujachomoza, ama abandike plastiki na bakuli la mchele amkabidhi Malobika, asilishike tena maishani. Naye alikuwa mtu wa kutimiza viapo, ndiyo maana usiku ule hakupata usingizi.

Aliyemwokoa ni Mouli, binti wa kaka yake, mwalimu wa shule huko Bolpur. Alimsikiliza shangazi yake akilalama kwenye simu dakika arobaini nzima, kisha akamtumia kifurushi. Ndani mlikuwa na kisanduku, na juu ya kisanduku picha ya mtoto anayechekelea. Akampigia simu papo hapo.

"Mouli, mimi nalia, wewe unaniletea mchezo wa watoto?"

"Ni cha wanaoanza, shangazi. Unachonga, unapaka wino, unapiga chapa. Yote mezani. Umekaa kwenye kiti."

Neno kiti lilimwingia vizuri. Alikata simu akafungua kisanduku kwa meno.

Mlikuwa na mpini mmoja wa mbao na vyuma vitano vya kuchomeka, kila kimoja na mdomo wake, chembamba cha kuchora mstari hadi kipana cha kufukua. Mlikuwa na vipande viwili vya lino ya kijivu, ile ile inayotandikwa sakafuni hospitalini, rola ya mpira, tyubu mbili za wino, nyeusi na nyekundu, na karatasi ya maelezo yenye herufi ndogo kama sisimizi. Miwani ya Kanaklata ilikuwa ya uzi na sindano, si ya sisimizi. Karatasi ile aliitandika chini ya kopo la vileja vya nazi, akashika kazi.

Kipande cha kwanza kiliharibika chote. Lino ilikuwa baridi na kaidi, chuma kiliteleza, jani la mwembe alilojaribu kuchonga likawa kitu kama soksi, na kidole gumba kikachanika. Akakinyonya, akatukana, akakitupa kile kipande juu ya mfuniko wa sufuria ya dengu iliyokuwa ikitokota. Alipokiokota baada ya robo saa kilikuwa laini kama sabuni ya kufulia iliyolala majini. Kumbe kinataka joto! Alijaribu tena, na safari hii chuma kilikwenda chenyewe, kikitoa ukanda mwembamba uliojikunja kwa raha. Kufikia jioni alikuwa amejua mambo mawili bila kufundishwa na mtu: mkono wa kushoto hukaa nyuma ya chuma, kamwe si mbele yake, na kwenye kona hugeuzi chuma, unageuza kipande.

Jambo la tatu lilimjia alipopaka wino mwekundu kwenye ile soksi yake na kuigandamiza kwenye gazeti. Pale alipochonga palibaki peupe. Palipobaki pote pakawa pekundu. Nyeupe juu ya nyekundu! Alikuwa ameitazama rangi hiyo kwa miaka thelathini na minane akiwa amechuchumaa, na sasa ilikuwa mezani, mbele ya pua yake, naye amekaa kitini na kikombe cha chai. Alicheka peke yake mpaka chai ikamwagika.

"Nibaran," aliiambia picha ukutani, "kazi ni ile ile. Wamebadilisha sakafu tu!"

Hapo ndipo uovu ulipomwingia. Sakafuni hawezi kuinama, lakini ukutani anaweza kutundika amesimama. Atapiga chapa kwenye kitambaa kirefu, akitundike ukuta mzima wa veranda, kianzie mlangoni kwa Malobika na kuishia kwake, ili kila mgeni amwone Lakshmi akiupita mlango wa plastiki bila hata kugeuza shingo. Wazo hilo lilimfurahisha kiasi kwamba alikula vileja vinne vya sikukuu kabla ya sikukuu.

Kwenye kipande cha pili, cha mwisho, alichora nyayo mbili zikielekea kushoto, upande wa mlango wake. Juu yake akaweka masuke ya mpunga, na bundi mmoja mnene. Msimnunie bundi, huko kwao ndiye anayembeba Lakshmi, na mwenye nyumba akimwona hufurahi. Alichonga siku nne. Kisha akafungua sanduku la nguo akatoa shuka mbili nyeupe za Nibaran, zile alizokuwa akivaa kiunoni siku za sikukuu, laini kwa kufuliwa. Alizinusa kwanza. Alilia kidogo, akazipiga pasi, akazishona mwisho kwa mwisho.

Wino aliusambaza kwa rola juu ya kigae cha bafuni, mbele nyuma, mbele nyuma, mpaka ukaanza kutoa sauti ya kitu kinachokaangwa. Sikio lake la jikoni likamwambia tayari. Akapaka kipande cha lino, akalaza kitambaa juu yake, akasugua kwa mgongo wa kijiko cha shaba, akainua pembe moja, polepole.

Bundi akamtazama.

Kanaklata akapiga ukelele, akaruka. Nasema akaruka, na yale magoti. Akazunguka meza mara mbili akijipigia makofi, akaimba wimbo wa harusi ambao haukuhusika.

Mlango ukagongwa. Sauti ya Malobika: "Dada Kanak, uko salama humo?"

"Salama kuliko wewe!"

Alihesabu kwamba kujibu kupitia mlango uliofungwa si kusemezana. Akarudi mezani, akapiga chapa ya pili, ya tatu, ya kumi. Kila moja ilimlevya kama ya kwanza. Mezani hapana mlango wala ngazi. Zile nyayo zilikuwa zikienda tu, na yeye akifurahi zinavyokwenda. Zikafika thelathini na mbili, wino mwekundu ukaisha, na akakunja kitambaa kwa wakati: kesho yake ndiyo siku yenyewe.

Saa tisa alasiri, Malobika akiwa jikoni kwake anakaanga, Kanaklata alitoka na kitambaa, misumari, uzi na kiti cha kuegemea. Alitundika kutoka mlango hadi mlango, akihema, akitabasamu. Alifunga uzi wa mwisho, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa nguzo, akatazama.

Nyayo zilikuwa zikitoka kwake.

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Zilikuwa bado zinatoka. Jozi thelathini na mbili za nyayo, safi, za kupendeza, zilianzia kizingitini kwake, zikapita ngazi bila kusita, zikaingia moja kwa moja kwa Malobika Nandi. Na bundi wote thelathini na wawili walikuwa wameugeuzia mlango wake mkia.

Alimpigia Mouli.

"Shangazi, chapa hugeuza! Kushoto inakuwa kulia. Hukusoma? Ni mstari wa kwanza kabisa wa maelezo."

Maelezo yalikuwa chini ya kopo, yamelowa mafuta ya nazi. Kanaklata alikigeuza kitambaa juu chini. Nyayo zikaelekea kwake, lakini bundi wakaning'inia kama popo. Akakigeuza nyuma mbele. Huko mlikuwa na madoa ya waridi tu. Akakirudisha kilivyokuwa. Wino mwekundu hakuna, lino hakuna, mwezi uko njiani. Akaketi kitini akatoa mlio ambao haukuwa kilio wala kicheko.

Malobika akatoka mbio, unga mikononi. Akaona. Macho yake yalisafiri kutoka mlango wa Kanaklata, nyayo kwa nyayo, mpaka mlangoni kwake mwenyewe, juu ya zile plastiki zake zinazometameta. Midomo ikaanza kumcheza.

"Dada Kanak... umemtoa kwako ukamleta kwangu? Baada ya yale niliyokwambia?"

Sifa zilikuwa pale, zimeivishwa na kupakuliwa, ni kula tu. Kanaklata alifungua kinywa azile. Lakini siku ya Lakshmi, mbele ya bundi thelathini na wawili, ulimi ulimkataa.

"Nimekosea," alisema. "Ilitakiwa akupite."

"Anipite?"

"Akupite. Bila kugeuza shingo."

Malobika akajifuta machozi kwa kiwiko, unga ukambaki puani. "Ahaa," alisema. "Maana mimi nimeshaanza kuogopa. Nikasema dada anaaga dunia, si bure."

Aliyeanza kucheka hajulikani. Walicheka mpaka Malobika akashikilia ukuta, mpaka Kanaklata akaomba maji, mpaka wapangaji wa chini wakatoa vichwa kuuliza kuna nini.

"Lakini ni nzuri, dada," Malobika alisema alipopata pumzi, akigusa suke moja la mpunga. "Jamani, ni nzuri. Haziondoki ukutani kwangu. Sasa kwako anaingia nani?"

Hilo ndilo Kanaklata alilokuwa akilikwepa. Aliutazama mlango wake mtupu. Malobika hakungoja jibu. Alikwenda kwake akabandua plastiki moja baada ya nyingine, krr, krr, akazikunja akazitupa kwenye ndoo. Kisha akaingia kwa Kanaklata bila kupiga hodi, akatoka na bakuli la mchele.

Kanaklata akakakamaa. "Kwa hiyo unalichukua."

"Silichukui. Shika." Akamwekea bakuli mapajani. "Wewe utashika, mimi nitachuchumaa. Magoti yangu bado yanakula bure."

Akachuchumaa kizingitini kwake mwenyewe, akachovya kidole, akaanza kuchora sakafuni kurudi upande wa pili. Alichora vibaya mno. Unyayo wa kwanza ulikuwa wa bata, wa pili wa bata mgonjwa. Kanaklata alisogeza kiti hatua kwa hatua kumfuata, akizomea, akielekeza, akifurahi kupita kiasi: kisigino kiviringe, usiminye, punguza mchele! Ukutani Lakshmi alikuwa akienda kwa Malobika, sakafuni alikuwa akirudi kwa Kanaklata, na mpangaji mmoja wa chini akauliza kama siku hizi Lakshmi amepata tiketi ya kwenda na kurudi.

Walipofika karibu na mlango, Malobika akainama zaidi, ulimi nje, akikazana na unyayo wa mwisho. Kanaklata akasogeza bakuli karibu na mkono wake. Maneno yakamtoka kabla hajayafikiria, kwa sauti ile ile, na akayasikia kana kwamba yanatoka kwa mtu aliyesimama nyuma yake.

"Taratibu, usije ukamchorea vidole sita."

Malobika akatazama chini, akahesabu, akahesabu tena. Vilikuwa sita.