Pete Aliyochaguliwa Shangazi

Sema kweli: umewahi kumcheka mwanamke aliyechelewa kuolewa? Kama umewahi, basi ulimcheka shangazi yangu, maana mtaa mzima ulimcheka. Alishona magauni ya harusi tangu mimi sijazaliwa, na kila bibi harusi aliyetoka dukani kwake alimwachia utani uleule: "Na wewe lini, mama? Au unasubiri kitambaa kishuke bei?" Shangazi alicheka kwa pua, kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa pini.

Ndipo akaja Mzee Breki. Jina hilo alipewa kwa kuwa alitengeneza baiskeli, na kwa kuwa hakuwa na haraka na lolote duniani. Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mazishini hakudondosha chozi, na wanaume wenzake wakamsifu: huyo ndiye mwanamume! Sifa gani hiyo? Tunamfundisha binadamu amzike mkewe kama anayefukia bomba la maji, halafu tunampigia makofi.

Mzee Breki alianza kwa kuleta suruali zilizochanika. Kisha akaleta suruali nzima, zisizo na tatizo lolote, na shangazi akaelewa. Wakapatana kuoana.

Siku ya kuchagua pete nilifuatana nao kwa sonara. Duka lilikuwa jembamba, taa moja imeinamishwa juu ya meza ya kazi. Shangazi alijua anachotaka: pete bapa, nyororo, isiyo na nakshi.

"Kutwa nashika hariri," alisema. "Pete yenye nakshi itanivutia nyuzi."

Mzee Breki hakusikia. Macho yake yalikuwa yametua kwenye pete nyembamba, iliyosokotwa kama kamba. Akaiinua kwa vidole viwili.

"Hii," alisema. "Hii ndiyo yenyewe."

"Bwana, hii si itachana nguo za watu?"

"Utaizoea. Ukitaka kufua unaivua tu, unaitia kwenye kile kikombe cha bluu."

"Kikombe gani cha bluu? Mimi sina kikombe cha bluu."

Sonara akaacha kazi aliyokuwa akiifanya. "Mzee," alisema polepole, "nakshi hiyo ndiyo niliyomfanyia marehemu mkeo."

Damu ikanipanda kichwani. "Mzee, unamwoa shangazi yangu au unamfufua mwenzako?"

"Nyamaza, mwanangu," shangazi aliniambia bila kugeuka. Akamsogelea mchumba wake na kusema kwa sauti ileile anayomwulizia bibi harusi kama gauni linambana: "Bwana, nitazame mimi. Uso huu, mikono hii. Ungenichagulia mimi, ungechukua ipi?"

Akamtazama. Kisha akapitisha macho trei moja hadi nyingine, kwa bidii, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Mkono wake ukarudi kwenye ileile iliyosokotwa. Nadhani hata yeye alishtuka.

Tulitoka mikono mitupu.

Kesho yake asubuhi nilikuwa dukani kwa shangazi nikitia cherehani mafuta, Mzee Breki akaingia na kiboksi. Ndani mlikuwa na pete bapa, nyororo. Shangazi akaivaa, ikamkaa kama aliyozaliwa nayo. Sijawahi kumwona mzuri vile.

"Umeipenda?" mzee aliuliza.

"Mno. Na wewe?"

Mzee aliutazama mkono ule, kisha macho yakamhamia mlangoni. Shangazi akaivua pete, akamfumbatisha kiganjani.

"Hujamlilia, bwana," alisema. "Siwezi kuolewa na mtu anayengoja mwingine aingie mlangoni. Mlilie kwanza."

"Wataniona."

"Wakuone."

Mzee Breki akaketi kwenye benchi la wateja, na sauti ikamtoka ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu mzima. Alilia kwa mwili mzima, mabega yakipanda na kushuka. Wapita njia wawili wakasimama kuchungulia. Mmoja akaanza kucheka. Shangazi akaenda akawafungia mlango usoni, akarudi akasimama kando yake, mkono begani pake, yeye mwenyewe machozi yakimtiririka bila sauti.

Siku ile hakuna aliyesema tena habari za harusi.