Mbao Nyeupe za Mama Eufrasia

Ukifika Makambako ukauliza fundi wa majeneza asiyepokea mbao ovyo, utaonyeshwa kwa Fidelis. Huyo alikuwa na ulimi! Mtu akimletea ubao wenye michirizi ya bluu, aliurudisha kwenye toroli na kumhubiria: "Msindano ukishaangushwa haungoji mtu! Pasua wiki hiyohiyo, au ubandue magome. Ukiulaza na magome yake, mdudu anaingia na ukungu wake, ubao unakuwa bluu." Watu walimcheka, lakini walimsikiliza. Siku hizi hahubiri tena, nami nitakwambia kwa nini.

Mama yake, Eufrasia, alikuwa na misindano ishirini nyuma ya nyumba kule Kichiwa. Aliipanda mwaka aliofiwa na mumewe, akaipalilia kwa jembe lake mwenyewe. Oktoba ya mwaka jana, maradhi yalipomlaza, alimwita mwanawe.

"Fidelis, angusha miwili, niisikie ikianguka. Nataka nilazwe ndani ya miti yangu. Na usinipake rangi, mwanangu. Mbao nyeupe, watu waone."

Aliiangusha asubuhi hiyo. Alipokuwa akienda kutafuta mashine ya kupasulia, dada yake Lucia alimkamata mkono uani.

"Unampasulia mama jeneza na bado anakunywa uji? Majirani watasema umemchimbia kaburi akiwa hai!"

Na kweli wangesema. Kwao, kumwandalia mgonjwa jeneza ni kumtakia mauti. Magogo yakilala shambani yanaweza kuwa ya kuni; yakipasuliwa na mtu anayejulikana kwa majeneza, nani atadanganyika? Hata kuyabandua magome angeonekana. Basi fundi aliyeihubiria Makambako nzima akayaacha magogo vilevile. Kuogopa maneno ya watu ni kitu kibaya. Humfanya mtu mwenye akili zake atende upumbavu huku anajiona.

Kila Jumapili alikwenda kumjulia hali mama, kisha akazunguka nyuma. Jumapili ya kwanza magogo yalinukia utomvu tu. Ya tatu alikuta vitundu kwenye magome, na chini ya kila kitundu unga wa kahawia. Akachokonoa gome kwa kisu. Kijidudu cheusi, hata punje ya mtama hakiifikii, kilikuwa kinatembea zake. Fidelis alichuchumaa pale akatamani kulia.

Aliporudi ndani, mama akauliza, "Mbao zangu vipi?"

"Zipo, mama."

"Nyeupe?"

"Nyeupe kabisa."

Mama akatabasamu, akafumba macho.

Alifariki Desemba. Sasa hapakuwa na wa kumzuia mtu kupasua. Mashine ilipofungua gogo la kwanza, bluu ilikuwa imeingia kutoka pembeni hadi karibu na kiini, kama wino uliomwagikia daftari. La pili vilevile. Ubao haukuwa umeoza, ungebeba mwili vizuri tu; ulikuwa umeharibika sura. Karakanani kwake zilikuwapo mbao nyeupe, safi, lakini za miti ya watu wengine. Alizigusa hizi, akazigusa zile. Halafu akachukua za mama yake, akazipiga randa mpaka mabega yakamuuma. Bluu haikutoka.

Kanisani minong'ono ilianza kabla ya wimbo wa kwanza. Lucia akamsogelea sikioni. "Fundi mzima, mama yetu unamzika kwa mbao za kukataliwa?"

Fidelis akafungua kitabu cha nyimbo.

Makaburini, mama Teodora, shoga wa marehemu tangu usichana wao, alikuja akapitisha kiganja juu ya mfuniko.

"Hii ndiyo miti yake?"

"Ndiyo, mama."

"Jumapili ile ulipoondoka, alituita sote kitandani. Akatuambia mbao zake ni nyeupe, wewe umeziona kwa macho yako." Akaondoa kiganja taratibu. "Alifurahi sana, mwanangu."