Kamba imefika kwa voisin

Muti ya matunda ya safou, yenye marehemu bibi yangu, mama ya Neema, alipanda, leo mi mwenyewe njo nimeihukumu.

Neema, mutoto yangu, ametoka masomo. "Papa, bametufundisha hesabu ya trigonométrie. Naweza pima muti bila kupanda."

Nikacheka. Bon, pima ile muti ya mama.

Akakunja karatasi kona kwa kona. Akalala kwenye vumbi, akaweka karatasi kwa jicho, akarudi nyuma mpaka ile mustari ya mukunjo, yenye inapanda mushazari, ikaonyesha ncha ya muti. "Toka hapa mpaka kwa shina, njo urefu yake." Tukanyoosha kamba.

Voisin, jirani yetu, akatokea. Toka mvua ilitoa mizizi inje, anasemaka nikate. Mi namujibuka: muti ni fupi, hata ikianguka haiwezi kukufikia.

"Papa Neema, geuza kamba upande wangu."

Nikageuza. Ikavuka lupango yetu, ikaingia kwake, ikagusa ukuta ya chumba batoto yake banalalaka.

Akainama, akanirudishia kamba. Heri angenitukana.

Neema akaanza kulia: "Papa, pengine nimepima mubaya."

Hapana. Umepima muzuri.

Kesho nakata. Wenye mutaandika hapa chini "acha, ni souvenir, kumbukumbu ya bibi", kwanza mukuje mulale kwa ile chumba.