Mshauri wa Sayari Aliyekataa Kufa

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mpiga video za harusi mmoja wa Machakos mjini alikataa harusi zote za Agosti ili atengeneze filamu ya anga za juu. Alikuwa amemwapia mkewe kwamba filamu hiyo ingemtoa kwenye keki na magauni. Ikishindikana, angepiga harusi mpaka azeeke. Mimi nilikuwa mwandishi wa mazungumzo, cheo nilichopewa kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka.

Tulikutana studioni kwake kumuunda mshauri, mzee wa sayari ya mbali atakayemfundisha rubani wetu kupigana. Rubani alikuwa msusi wa saluni iliyopakana na studio. Mpiga video, ambaye sasa alikuwa mkurugenzi wetu, alikuwa ametazama kaseti nyingi za kukodi na alizungumza kama daktari. Mshauri, alisema, awe na sauti nzito na maneno machache. Awe na ishara moja ya mkono ambayo watu wataiga njiani. Na lazima afe katikati ya hadithi, kwa sababu asipokufa shujaa ataendelea kumuuliza kila kitu na filamu itageuka darasa.

Tulimshonea vazi kutoka joho kuukuu la kwaya na kumwekea kichwani vyuma viwili vya ariali ya televisheni. Sauti nzito tuliipata kwa mwalimu mkuu mstaafu, ambaye alisoma karatasi zangu na kuzirudisha zikiwa na wino mwekundu.

"Huyu mtu anatokea kwa moshi na kuanza kufundisha," alisema. "Hata hajasalimia watu. Ni mwizi?"

Sayari yetu ilikuwa Kinanie, ambako wakati huo kulikuwa na tambarare tupu. Tulichoma tairi, moshi ukapanda, mwalimu akatoka ndani yake na kuinua mkono. Akamsalimu rubani, chifu wa sayari, wazee wa sayari, na wageni wote waliotoka mbali.

"Mwalimu, sayari haina chifu," mkurugenzi alisema.

"Basi ni nani aliwapatia ruhusa ya kukusanyika?"

Maneno machache yakaishia hapo. Ishara ya mkono nayo ilikufa, maana kila alipoinua mkono alionekana anatafuta mwanafunzi wa kufuta ubao.

Ilipofika zamu ya kufa, alikwenda kuketi kwenye kiti alichokuja nacho kutoka nyumbani.

"Kufa, sifi."

"Ni ya filamu tu, mwalimu."

"Mama watoto atakuwa huko ukumbini na watu wa kanisa. Wakiniona nimelala chini nikiwa na shuka usoni, kesho wako kwangu na sukari na majani chai ya kumpa pole. Nitawaambia warudi nayo?"

"Si utakunywa tu, mwalimu," msusi alisema.

Jua lilikuwa linashuka na kamera ilikuwa ya kuazima. Mkurugenzi alichuchumaa mbele ya kile kiti. "Sasa utatokaje kwa hii hadithi? Ukibaki, nimekwisha."

"Nitatoka kama watu wengine. Nitastaafu."

Tulicheka, isipokuwa msusi. Mjini kila mtu alijua jinsi mwalimu alivyostaafu. Kamati ya shule ilibishana juu ya nani atapika, sherehe ikaahirishwa mpaka ikasahauliwa, na mtunza stoo akamkabidhi chupa ya chai langoni.

Kwa hiyo, mshauri wa sayari akafanyiwa sherehe ya kustaafu. Msusi alichukua blanketi kutoka kwenye gari na kumvika mabegani huku akicheza, kama anavyofunikwa mtu anayeagwa kazini. Adui, aliyekuja kumuua, alisimama nyuma na bunduki yake ya bomba la maji, akingoja hotuba iishe. Mwalimu alimaliza, akalivua blanketi, akalikunja polepole, kona kwa kona, akaondoka nalo kwapani.

Filamu ilionyeshwa katika ukumbi wa kanisa, kwenye televisheni iliyowekwa juu ya meza. Watu walicheka ariali, wakacheka moshi, wakamcheka rubani kwa kuwa wengi alikuwa amewasuka. Mkurugenzi alikuwa ameegemea ukuta. Kisha blanketi likaonekana. Akina mama wa kanisa wakainuka wakiimba, wakaenda mbele kwa kucheza na kumfunika leso mwalimu mwenyewe, aliyeketi safu ya kwanza. Waliizingira meza. Waliporudi kuketi, rubani alikuwa ameshashinda vita peke yake na hakuna aliyemwona. Mkurugenzi alianza kurudisha kaseti nyuma. Mwenyekiti wa kanisa akamwambia chakula kinapoa.

Desemba mkurugenzi alirudi kwenye harusi. Ila kazi mpya ilianza kuja. Ofisa kilimo mmoja kutoka Tala, aliyekaribia kustaafu, alifika studioni nikiwepo.

"Mimi nataka kama ile ya mzee wa nyota. Ile ya blanketi."

"Hiyo ilikuwa filamu," mkurugenzi alisema.

"Najua. Na yule wa bunduki pia aje. Alingoja vizuri sana."

Bomba la maji lilikuwa bado nyuma ya mlango. Mkurugenzi alilitazama kidogo, kisha akamuuliza mteja sherehe ni lini.